Mfuko wa Nyongo: Kuutoa au Kuuacha

Mfuko wa nyongo umejibanza chini ya ini, upande wa kulia, mwembamba shingoni na mpana kitakoni, urefu wake sentimita 7 hadi 10. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku, na sehemu yake huingia mfukoni kusubiri chakula. Humo hunyonywa maji, ikawa nzito na kali, hata mililita 50 hivi zinazoujaza mfuko zikatosha kwa mlo. Mafuta ya chakula yanapofika mwanzoni mwa utumbo mwembamba, utumbo humwaga kwenye damu homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo Andrew Ivy na Eric Oldberg waliitambua mwaka 1928. Mfuko hujikaza, nyongo hushuka, mafuta huvunjwavunjwa. Mpishi anayepasua kuku anakijua vizuri kifuko hiki: hukishika kwa ncha za vidole, kwani kikipasuka juu ya nyama, chungu kizima kimeharibika.

Si kila mnyama anao. Farasi, punda, ngamia, tembo na njiwa hawana mfuko wa nyongo, na nyongo yao huteremka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Binadamu aliyetolewa wake huishi vivyo hivyo. Hoja hii hutajwa mapema sana katika chumba cha daktari, nayo ni ya kweli, ila haijibu kilichoulizwa. Mtu aliyeumwa tumbo kwa miezi au miaka hakuja kuuliza kama anaweza kuishi bila mfuko. Anataka kujua kama ukitolewa ataacha kuumwa. Hilo ndilo swali gumu, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika namna anavyoumwa, si katika picha ya tumbo lake.

Kinachoutia mfuko maradhi mara nyingi ni mawe. Nyongo hubeba lehemu iliyoyeyushwa, na lehemu hiyo ikizidi, au mfuko ukiwa mvivu kujikaza, chembechembe huganda, zikawa changarawe, kisha mawe. Wanawake hupata zaidi ya wanaume, kwa kuwa homoni ya estrojeni huongeza lehemu katika nyongo na ujauzito huulegeza mfuko. Umri na unene huchangia, na kupunguza uzito kwa pupa huchangia pia, jambo linalowashangaza wengi wanaojinyima chakula kwa nia njema. Ulaya na Marekani, mtu mzima mmoja kati ya kila kumi, au zaidi kidogo, ana mawe haya. Afrika Mashariki yalihesabiwa adimu kwa muda mrefu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi mwaka 1966, aliyaweka katika orodha ya maradhi aliyoyahusisha na vyakula vilivyokobolewa. Mwaka 1971 watafiti waliopima nyongo ya Wamaasai waliripoti kwamba lehemu yake ni kidogo ikilinganishwa na vitu vinavyoiyeyusha, na kwamba mawe ya lehemu kwao ni nadra mno, ingawa walikuwa watu wa maziwa na nyama.

Iko aina nyingine, mawe meusi, yatokanayo na chembe nyekundu za damu zinazovunjika kabla ya wakati wake. Hayo ndiyo mawe ya wenye selimundu, ugonjwa uliosambaa sana kuzunguka Ziwa Victoria na katika pwani, na huweza kumpata hata mtoto wa shule. Kwa hiyo ile taswira ya vitabuni, ya mama mnene wa miaka arobaini, humpotosha mganga aliyeketi mbele ya kijana mwembamba mwenye selimundu. Na kwa kijana huyo mambo ni magumu maradufu, maana selimundu yenyewe humtia maumivu makali ya tumbo hata pasipo jiwe.

Maumivu ya jiwe la nyongo yana tabia zake, na kuzijua ni kazi yenye faida kuliko kipimo chochote. Jiwe hukwama kwenye shingo ya mfuko wakati mfuko unajikaza. Maumivu huanza chini ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, mara nyingi saa moja au mbili baada ya mlo wa jioni, au humwamsha mtu usiku wa manane. Hupanda haraka, kisha hutulia juu bila kushuka: hayaji na kwenda kama msokoto wa kuharisha. Hudumu nusu saa, pengine saa nne au tano. Husafiri hadi mgongoni au kwenye kombe la bega la kulia. Mgonjwa hageuki upande akapata nafuu. Huinuka, hutembea chumbani, hutapika, hukaa tena. Kubeua hakusaidii, kwenda chooni hakusaidii, dawa ya kiungulia haisaidii. Jiwe likirudi nyuma yote huisha, na asubuhi mtu yuko mzima kabisa kana kwamba alisimuliwa tu habari za usiku ule. Zinaweza kupita wiki, miezi, hata mwaka kabla ya shambulio jingine.

Maumivu mengine ya tumbo hayana nidhamu hiyo. Tumbo kujaa gesi kila baada ya maharage, kiungulia kinachopanda kifuani mtu akilala, kichomi kinachotulia akila kitu, choo kinachofunga leo na kufunguka kesho, uzito wa tumbo wa kutwa nzima: haya huwapata wenye mawe na wasio na mawe kwa kiwango kinachokaribiana. Mengi ni ya tumbo lenyewe au ya utumbo usiotulia. Pilau na chipsi huwasumbua wote, ndiyo maana hoja ya kwamba mafuta yanamdhuru mtu haithibitishi kwamba mfuko wake ndio wenye kosa.

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, maumivu ya sehemu hiyo hupewa jina moja kabla hayajachunguzwa: vidonda vya tumbo. Jina hilo si la bure. Bakteria wa Helicobacter pylori wamejaa huku, na vidonda vya kweli vipo tele. Lakini mtu anaweza kumeza omeprazo ya duka la dawa miaka mitatu, akarudia dawa za mseto mara kadhaa, akaacha pilipili, ndimu na maharage, na usiku wa jiwe ukaendelea kurudi. Kinyume chake hutokea pia, na pengine kinaongezeka kadiri mashine za altrasaundi zinavyofika hadi vituo vya wilaya: mtu mwenye kidonda halisi, au mwenye kiungulia tu, anapimwa, jiwe linaonekana, na tangu siku hiyo kila maumivu yake yanatwikwa jiwe.

Altrasaundi ni kipimo kizuri sana cha mawe. Hakina mionzi, gharama yake inavumilika, na jiwe lililo mfukoni haliponyoki kirahisi: hung'aa kwenye skrini, likiacha kivuli cheusi nyuma yake, na mgonjwa akigeuzwa ubavu hubingirika. Uzuri huo ndio hatari yake. Kipimo husema jiwe lipo; hakisemi kwamba jiwe ndilo linaloumiza. Watu wengi wenye mawe, kiasi cha wanne kati ya watano, hawajui kama wanayo, na wengi wao watakufa kwa jambo jingine wakiwa nayo.

Ubishi juu ya mawe haya yaliyonyamaza una zaidi ya miaka mia. Tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch aliutoa mfuko mzima wa nyongo wa mwanamume wa miaka 43 aliyeteswa na maradhi hayo kwa miaka mingi. Kabla yake, waliothubutu kupasua waliufungua mfuko, wakatoa mawe, wakaushona. Langenbuch aliona kwamba mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine, na historia imempa haki. Mwaka 1911 William Mayo, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi akaandika kwamba jiwe la nyongo lisilo na hatia ni hekaya tu. Kauli hiyo ilitawala kwa miongo. Ilipofika mwaka 1982, William Gracie na David Ransohoff walichapisha habari za watumishi 123 wa Chuo Kikuu cha Michigan waliokutwa na mawe bila dalili yoyote, wakafuatiliwa kwa miaka. Baada ya miaka 15, asilimia 18 tu ndio walikuwa wamepata maumivu ya nyongo. Kichwa cha makala yao kilimjibu Mayo waziwazi: jiwe lisilo na hatia si hekaya.

Tangu hapo jambo hilo moja limetulia. Asiyeumwa hapasuliwi kwa sababu ya picha, isipokuwa katika hali chache kama mfuko ulioota ukuta wa chokaa, jiwe linalozidi sentimita 3, au uvimbe wa ndani unaofikia milimita 10, ambapo hofu ni saratani. Jambo lisilotulia ni la yule anayeumwa.

Upasuaji wenyewe uligeuka sura mwaka 1985, Erich Mühe alipoutoa mfuko kwa kamera na matundu madogo huko Böblingen, Ujerumani. Wenzake walimkejeli kwanza, wakamtunuku baadaye. Miaka miwili baada yake Philippe Mouret alifanya hivyo mjini Lyon, na njia hiyo ikaenea dunia nzima upesi kuliko karibu upasuaji wowote. Mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi ili kupata nafasi, na vyombo hupitishwa kwenye matundu manne hivi, moja kitovuni. Wengi hurudi nyumbani kesho yake, wengine siku hiyohiyo, wakilalamika zaidi juu ya bega kuliko tumbo, kwa sababu ya gesi iliyobaki. Njia ya zamani, ya mkato mrefu chini ya mbavu, ingali ikitumika katika hospitali nyingi zisizo na vyombo vya kamera, na wakati mwingine daktari aliyeanza kwa matundu hulazimika kuhamia huko kwa usalama. Si aibu yake, ni busara.

Urahisi huo ulileta tatizo lake. Baada ya matundu madogo kuingia, idadi ya mifuko iliyotolewa Marekani na kwingineko ilipanda, na si kwamba mawe yaliongezeka. Kilichoshuka ni kizingiti cha uamuzi. Watu ambao zamani wangeambiwa wasubiri waliambiwa wapasuliwe, na miongoni mwao walikuwamo wengi wenye gesi na kiungulia.

Uholanzi walilipima jambo hili katika hospitali 24, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Wagonjwa 1,067 wenye mawe na maumivu ya tumbo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kwa mazoea ya madaktari. Jingine lilipitishwa kwenye chujio, wakapasuliwa wale tu ambao maumivu yao yana tabia zote za nyongo. Chujio lilipunguza upasuaji kutoka asilimia 75 hadi 68. Lakini takwimu iliyowashtua wengi ni nyingine: baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawaumwi tena walikuwa asilimia 60 katika kundi la mazoea na 56 katika kundi la chujio. Yaani, kwa njia yoyote ile, watu wanne hivi kati ya kumi walikuwa bado wanaumwa tumbo. Uingereza, mwaka 2023, jaribio la watu 434 wenye mawe yanayouma lakini yasiyo na matata lilimlinganisha anayepangiwa upasuaji na anayepewa dawa za maumivu na ushauri. Baada ya miezi 18 makundi hayakutofautiana kwa maumivu, na robo tu ya waliopangiwa kusubiri ndio walikuwa wameshapasuliwa. Jaribio hilo lina doa lake, maana theluthi moja ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawajaupata. Hata hivyo linatosha kuondoa ile hisia kwamba mwenye jiwe linalouma hana la kuchagua.

Takwimu hizi hazisemi kwamba upasuaji haufai. Usiku wa jiwe, ule wa kutembea chumbani, upasuaji huuondoa kwa wengi mno wanaoupata, na wanaoponywa hivyo huwa na furaha ya mtu aliyetolewa kifungoni. Kisichoondoka ni gesi, kiungulia na choo kisichotabirika, kwa kuwa mfuko haukuwa chanzo chake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na ndiyo maana mazungumzo ya haki kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa huyatenganisha maumivu yake moja baada ya jingine: haya yatakwisha, haya huenda yakaisha, haya yatabaki. Daktari asiyekuwa na dakika kumi za kazi hiyo amempunja mgonjwa wake, hata kama mikono yake ni hodari.

Hatari ya kupasuliwa ni ndogo lakini ina uso. Mrija mkuu wa nyongo hupita jirani kabisa na shingo ya mfuko, na ukikatwa kwa kudhaniwa ni mrija mdogo wa mfuko, mgonjwa huanza safari ndefu. Hutokea kwa watu 3 hadi 5 hivi katika kila 1,000. Ndiyo sababu, tangu Steven Strasberg alipoifafanua kanuni hiyo mwaka 1995, madaktari hufundishwa kulisafisha eneo lile mpaka ionekane kwamba ni vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni, mrija mmoja na mshipa mmoja wa damu, ndipo vibanio vifungwe na mkasi upite. Mfano mashuhuri wa kosa hilo ni wa Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliyepasuliwa London Aprili 1953 akajeruhiwa mrija. Ilibidi apasuliwe tena, kisha apelekwe Boston kurekebishwa na Richard Cattell. Akawa waziri mkuu mwaka 1955, na homa ilimrudia Oktoba 1956, katikati ya mgogoro wa Suez.

Kusubiri nako kuna uso wake. Andy Warhol, mchoraji wa New York, aliogopa hospitali kiasi kwamba aliahirisha kwa miaka shida ya mfuko aliyojua anayo. Alipokubali, Februari 1987, mfuko ulikuwa umeshaoza. Alifariki alfajiri iliyofuata upasuaji, akiwa na miaka 58. Jiwe lililokwama siku nzima huwasha mfuko na kuutia usaha. Lililoteremka huziba mrija mkuu, au huichokoza kongosho, na kongosho iliyowaka huua. Homa na baridi kali pamoja na maumivu, macho kuwa manjano, mkojo wa rangi ya chai, maumivu yasiyoachia baada ya saa sita: hapo hakuna tafakari tena, ni kwenda hospitali. Na aliyewahi kupatwa na mojawapo, akapona, kwa kawaida hushauriwa autoe mfuko, maana mizani yake si ile ya jaribio la Uingereza.

Baina ya kupasuliwa na kusubiri wapo wanaouza njia ya tatu. Asidi ya ursodeoksikoliki huweza kuyeyusha mawe madogo ya lehemu, kwa miezi mingi ya vidonge, na mawe hurudi kwa karibu nusu ya watu ndani ya miaka mitano. Kwa mawe meusi ya selimundu haifanyi kitu. Ule mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na maji ya limau, unaosambazwa kwenye simu pamoja na picha za vigololi vya kijani vilivyotoka chooni, haufiki hata hapo. Vigololi hivyo vilipopimwa katika maabara huko New Zealand, kama ilivyoandikwa katika jarida la Lancet mwaka 2005, havikuwa mawe ya nyongo. Vilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni kutokana na mafuta yaleyale yaliyonywewa.

Wapo pia wenye usiku wa nyongo hasa, wenye tabia zote, lakini altrasaundi haioni jiwe, hata ikirudiwa. Marekani watu hawa hupimwa kwa dawa yenye mionzi inayofuata nyongo, kuona mfuko unajikamua kwa kiasi gani; ukishindwa kufikia asilimia 35 au 40, wengi hupasuliwa. Ushahidi wa njia hiyo ni dhaifu, na kipimo chenyewe ni nadra Afrika Mashariki. La busara ni kumaliza kwanza kamera ya tumboni, kipimo cha H. pylori, vipimo vya ini na kongosho, na muda.

Uamuzi wenyewe, huku kwetu, haufanywi na mgonjwa peke yake. Kuna bima au hakuna. Kuna mume, watoto au ndugu wa kuchangia. Kuna shamba, genge au pikipiki ambayo haitajiendesha kwa wiki kadhaa iwapo mkato utakuwa mrefu. Anayeishi saa nane za barabara mbovu kutoka hospitali yenye daktari bingwa ana sababu ya kutoa mfuko mapema kuliko jirani wa hospitali ya rufaa, kwa kuwa jiwe likiziba mrija usiku wa mvua hatafika. Mjamzito husubiri ajifungue ikiwezekana. Asipoweza, miezi mitatu ya katikati hupendelewa. Mwenye selimundu hupangiwa kwa utulivu, dripu na damu tayari, badala ya kukimbizwa na dharura. Wenye kutaka kusubiri wanashauriwa kuandika kila shambulio: saa, lilidumu kiasi gani, lilikwenda wapi, walikula nini. Karatasi moja ya namna hiyo, ya miezi mitatu, humwambia daktari mengi kuliko altrasaundi ya nne.

Baada ya upasuaji nyongo hudondoka utumboni muda wote badala ya kungoja mlo. Wengi hawatambui tofauti, na baada ya wiki chache wanakula walichozoea, mchuzi wa nazi ukiwemo. Wachache huharisha, hasa baada ya kifungua kinywa, na baadhi yao husaidiwa na kolestiramini, dawa ya unga inayoshika chumvi za nyongo. Wanaoumwa tena huchunguzwa upya: huenda jiwe lilibaki kwenye mrija mkuu, huenda ni kidonda kilichokuwepo tangu mwanzo. Zamani, pasipoonekana kitu, misuli inayobana mwisho wa mrija wa nyongo ililaumiwa, ikakatwa kwa kamera. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014 lilichukua watu 214 wa namna hiyo. Baadhi walikatwa kweli, wengine wakafanyiwa kila kitu isipokuwa kukatwa, bila kujua. Mwaka mmoja baadaye, waliopata nafuu miongoni mwa waliokatwa walikuwa asilimia 23, na miongoni mwa wasiokatwa asilimia 37.